Habaek Aliingia Saa Nane Usiku

Maji yalikatika Jumatatu. Kufikia Alhamisi hata lile dumu la akiba nyuma ya mlango lilikuwa limekauka, nami nasugua sufuria kwa majivu. Zuhura, binti yangu wa kidato cha kwanza, kajilaza kwenye kochi na kitabu cha katuni za Kikorea alichoazima kwa binamu yake.

"Mama, hawa wangekuwa wameshatoa mtu."

"Hawa nani?"

"Kijiji cha kina Soah."

Ikabidi nisimuliwe. Kitabu ni *Habaek-ui Sinbu*, yaani Bibi Harusi wa Habaek, cha Yun Mi-kyung, kilichoanza kutoka mwaka 2006. Ukame umekausha kijiji, basi Soah anapambwa, anapakiwa mtumbwini, anapelekwa kwa Habaek, mungu wa maji. Anajua anakwenda kuliwa na zimwi. Anafika, anakuta kitoto cha kiume! Kumbe mume ana laana: mchana mtoto, usiku mwanamume mzima, na bibi harusi hajui kuwa ni yule yule. Huyo Habaek mchoraji hakumbuni. Katika ngano za Korea yeye ni babu mzaa mama wa Jumong, muasisi wa ufalme wa Goguryeo.

Mimi, nikiri, shujaa wa kupakiwa mtumbwini hanikoshi. Namtaka Bari, yule wa hadithi za waganga wa huko: binti wa saba wa mfalme, aliyetupwa kwa kuwa si wa kiume, kisha yeye ndiye akaenda kuzimu kuwatafutia wazazi maji ya uzima. Huko akatumikishwa: miaka mitatu kuchota maji, mitatu kuwasha moto, mitatu kukata kuni.

"Miaka tisa, Zuhura. Mimi naomba ndoo moja."

Akainuka kwa shida, akaenda kujaribu bomba la bafuni. Likakoroma, likapiga chafya ya hewa, likanyamaza. Akarudi zake kwa Soah. Koki hakuifunga, na tambara la deki lilikuwa limekalia tundu la kutolea maji.

Saa nane usiku nilishusha mguu kitandani ukatua majini. Koridoni ndala za Baba Zuhura zinaelea, moja mbele moja nyuma, kama ngalawa zinazorudi pwani. Mchele wa mwisho wa mwezi, gunia zima, umekwisha kunywa. Mwenye ndala kapanda juu ya kochi anauliza nani kafungulia, kana kwamba jibu lingekausha sakafu. Zuhura anakumba maji kwa kopo mkono mmoja. Mwingine kauinua juu, umeshika kitabu.

Kutoka chumba cha nyuma akatokea mama mkwe, kanga kaikunja hadi magotini, ndoo mkononi.

"Alhamdulillahi, yamerudi! Mama Zuhura, msiyamwage hayo, ya kufulia."

Tukajaza ndoo kumi na moja za maji ya sakafuni, yenye nywele na punje za mchele. Kulipokucha nikaenda bombani na birika la chai, nikafungua koki.

Ikakoroma.