Ufunguo Anao Mwalimu Mkuu

Shule ya jirani imepata sanduku la sayansi na sanaa: sumaku, lenzi, balbu, hata rangi za maji na brashi zake. Likapokelewa kwa ngoma, likapigwa picha, likaingia kabatini kwa mwalimu mkuu. Ufunguo anao yeye, naye yuko semina. Semina ya kufundisha kwa vitendo, nasikia.

Watoto wa darasa la nne wameshaichora ile sumaku daftarini mara tatu. Wanajua inavuta msumari. Msumari wenyewe haujaambiwa.

Nilipouliza, mwalimu wa zamu akanijibu kwa upole: "Mzee wangu, vikiguswa vitaharibika. Mkaguzi akija tutamwonyesha nini?" Nikanyamaza. Hoja ilikuwa nzito, na kabati nalo.

Nyuma ya darasa, watundu wawili walikuwa wamechopoa choya jikoni kwa mama yao. Maji yake, ukiyakamulia ndimu, yanakolea wekundu. Ukiyatia magadi, yanageuka kijani. Wakachora ukutani ua la rangi zote mbili, na majani yake.

Wameadhibiwa kwa kuchafua ukuta: wafagie ofisi, kisha wafute vumbi juu ya kabati.