Namna ya Kupakia Ndege Uliyojiundia, kwa Wasiopenda Hesabu

Hongera. Umejifungia gerejini huko Ohio miaka mingi ukigonga ribiti, na sasa RV-6 yako inasimama kwa miguu yake. Imebaki kupimwa. Sheria ya Marekani inakuonea huruma: mtengenezaji ni wewe, kwa hiyo uzito wa juu kabisa wa kuruka nao unauandika wewe. Richard VanGrunsven aliyeichora alisema ratili 1,600? Andika 1,800. Wino hauna uzito, na boriti la bawa halijui kusoma.

Pima kabla ya kupaka rangi. Ndege isiyo na rangi wala zulia wala viti vya ngozi hutoa tarakimu tamu sana. Rangi peke yake huweza kuongeza kilo kumi na ushei. Mizani ni tatu, moja chini ya kila tairi. Wenye subira huuinua mkia mpaka pimamaji ikubali. Wewe uache ulale. Uzito wa kila tairi uzidishe kwa umbali wake kutoka mstari uliouchagua, jumlisha, gawanya kwa uzito wote. Jibu litapatikana; kama ni la ndege hii au ya jirani, hayo mengine.

Jibu hilo ndilo kitovu cha uzito, na kwenye RV-6 kinaruhusiwa kutembea sentimita 20 hivi, mbele hadi nyuma. Shibiri haijatimia. Usitishike. Funga propela ya mbao kwa kuwa inapendeza, peleka betri nyuma kwa kuwa mbele pamejaa, kisha mwalike shemeji, yule mnene, na hema la kulalia kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh mwezi wa Julai. Kimoja kimoja ni kidogo tu.

Angani utafurahi: fimbo laini, unaigusa kwa kidole pua inapaa. Pua ikizidi uzito ni kero, kwa maana ndege hugoma kuinua kichwa wakati wa kutua. Mkia ukizidi ni habari nyingine. Mabawa yakiacha kubeba, pua hukataa kushuka, na ndege ikishaanza kuzunguka kama pia, fimbo uliyonayo mkononi ni pambo.

Sasa mafuta, ambapo hata wajuzi hunaswa. Matangi yamo kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, lita 144 hivi, zaidi ya kilo 100 yakijaa, nayo yako mbele ya kitovu. Kila lita inayoungua inakisukuma kitovu nyuma. Wengi hukokotoa hesabu ya kupaa tu, wakaona wamo ndani ya mpaka kwa unywele, wakafunga daftari. Nawe funga. Saa tatu baadaye shemeji ni yule yule, hema ni lile lile, tangi linaelekea kukauka, nawe unapunguza mwendo ili utue, yaani unayakaribia mabawa yasiyobeba kwa hiari yako.

Ukichoka, jenga Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza 1979. Injini iko nyuma na rubani yuko mbele kabisa. Akishuka, ndege hukalia propela yake. Ndiyo sababu wenye nazo hukunja tairi la pua na kuiacha imepiga magoti. Wewe shuka kwanza. Propela huchongwa nyingine.