Sumaku ya Sabufa na Televisheni ya Bibi Taarifa

Nyumbani kwetu hapa Tanga kuna televisheni ya chogo ambayo haiondoki. Kesi yake nimeifungua mara nyingi, na hukumu hutoka kabla sijamaliza kueleza. Mwenyewe ni mama mkwe wangu. Wajukuu wanamwita Bibi Taarifa, kwa sababu ikifika saa mbili usiku hakuna ruhusa ya kupiga hata chafya sebuleni mpaka msomaji wa habari aage. Alipohamia kwetu kutoka Unguja alikuja nayo, imeviringishwa kwenye godoro na kufungwa kwa khanga, na siku hiyohiyo ikakaa palipokuwa na kabati langu la vitabu. Vitabu viko uvunguni. Mwenzangu uliyewahi kumpokea mkwe pamoja na mizigo yake, huhitaji maelezo zaidi.

Kila mgeni anayeingia lazima asikie kwamba Unguja walitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati sisi wa Bara tulisubiri mpaka miaka ya 1990 hata hiyo televisheni yenyewe. Hilo ni kweli, nami silipingi. Ana desturi nyingine pia. Televisheni ile ukiiwasha ikiwa baridi hutoa mngurumo mfupi, "duum", na Bibi huitikia, "Waalaykum salaam." Kwake yeye imeamka na imesalimia. Siku za karibuni akawa analalamika kwamba haisalimii tena, inawaka kimyakimya tu. Mke wangu, Mama Salma, akamwambia ni uzee. Hatukujua kwamba Bibi alikuwa ametueleza hitilafu halisi, tena kwa usahihi kuliko fundi.

Sasa nije kwa kijana wangu. Ana miaka tisa na jina lake la nyumbani ni Fundi Bomoa. Jirani alitupa sabufa iliyoungua. Yeye akaiokota, akaifumua nyuma ya banda la kuku, akatoka na sumaku nyeusi ya mviringo yenye tundu katikati, inayojaza kiganja cha mtu mzima. Akaanza kuzunguka nayo. Sufuria zikaikataa, maana ni za alumini. Komeo la mlango wa uani likaing'ang'ania. Makasi ya mama yake, ambaye ni mshonaji, yakanasa yakashindwa kubanduka, kukawa na kelele. Saa mbili ikafika, Bibi na tasbihi yake kwenye kiti chake, mtangazaji yuko kwenye habari za bei ya korosho, na Fundi Bomoa akaipachika sumaku kwenye kioo.

Shavu la mtangazaji likavutika upande mmoja. Uso ukawa wa kijani, bega likawa zambarau.

"Yarabi! Kalishwa nini huyu maskini?" Bibi akapiga ukelele.

Kijana akakwapua sumaku yake akatimka nayo. Tukadhani yameisha. Hayakuisha: doa la kijani na zambarau likabaki palepale, na kila aliyepita mahali hapo kwenye kioo, awe waziri au mchezaji mpira, alibadilika rangi.

Binti yangu Salma yuko Kidato cha Nne na anaipenda fizikia kwa dhati. Tunamwita Profesa, naye haoni kama ni utani. Bibi akamwagiza aeleze, tena kwa Kiswahili ambacho mtu aliyesoma madrasa tu atakielewa. Nakiri kwa furaha kwamba sijawahi kumsikiliza mtu kwa makini kama nilivyomsikiliza binti yangu usiku ule.

Akasema picha ile inachorwa na elektroni. Kwenye shingo ya chogo mna bunduki tatu za elektroni, na volti kama 25,000 zinazozivuta elektroni hizo kuelekea kioo, hata zinaruka kwa kasi ya karibu kilomita 90,000 kwa sekunde. Upande wa ndani wa kioo umepakwa unga unaong'aa ukigongwa, vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu. Mbele ya vidoa hivyo limesimama bati jembamba la chuma lenye matundu mengi mno, yaliyopangwa ili elektroni za bunduki ya nyekundu zifike kwenye vidoa vyekundu tu, na za bunduki nyingine vilevile. Elektroni ina chaji, na chaji inayosafiri ikikatiza uga wa sumaku husukumwa. Basi zile zilizokusudiwa nyekundu zikasukumwa kando, zikaangukia kijani.

"Mbona mimi nimeishika sumaku hiyohiyo na haikunisukuma?" Bibi akauliza.

"Inataka chaji iwe mwendoni, Bibi. Ikisimama, sumaku haina habari nayo. Na ikisafiri sambamba na uga, pia haisukumwi. Lazima ikatize."

Nami hapo nikaelewa jambo ambalo shuleni lilinipita, kwa sababu ndivyo alivyo Bibi mwenyewe. Mtoto aliyekaa kitako hamgusi. Anayekatiza mbio mbele ya televisheni ndiye anayepigwa kikumbo cha ubavu, na kadiri anavyokimbia ndivyo kikumbo kinavyokuwa kikubwa. Kikumbo hicho hakimwongezei mbio wala hakimpunguzii; kinamgeuza njia tu. Sumaku nayo haiiongezei elektroni kasi hata chembe. Inaipinda tu, daima pembeni, pembe mraba na mwendo wake.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba televisheni yenyewe inaishi kwa msukumo huohuo. Shingo ya chogo imezungushiwa koili za waya wa shaba, na mkondo wa umeme unaopanda na kushuka ndani yake ndio unaopeleka elektroni kushoto na kulia, juu na chini, mistari 15,625 kila sekunde, mpaka zimalize picha 25. Fundi Bomoa alikuwa ameingilia kazi ya watu.

Hapo Bibi akakataa. Sumaku ya sabufa anaiona, ni kipande kizito, sawa. Waya wa shaba hata sindano hauvuti, utakuwaje sumaku? Mama Salma akasema usiku umekwenda, watu walale. Hakuna aliyelala. Katika ukoo wa mke wangu swali likishaulizwa, chakula hupoa.

Salma akaomba dira. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa nahodha wa jahazi, na dira yake Bibi huihifadhi kwenye kasha pamoja na udi na vyeti vya ndoa. Haiguswi. Usiku ule ikaguswa. Profesa akaiweka mezani, akangoja sindano itulie kaskazini, akanyoosha waya juu yake kwa kuufuata mwelekeo wa sindano, kisha akagusisha ncha za waya kwenye betri ya tochi, mara moja tu, kwa sababu waya hupata moto upesi. Sindano ikaruka pembeni. Akageuza betri: ikaruka upande wa pili. Akaupitisha waya chini ya dira, ikageuka kinyume na mwanzo.

Akasema hili aliliona Mdenmark, Hans Christian Ørsted, kule Copenhagen mwaka 1820, na kabla mwaka haujaisha André-Marie Ampère alikuwa ameshaonyesha Paris kwamba nyaya mbili zenye mikondo inayokwenda upande mmoja huvutana, na zikipishana mikondo husukumana. Uga wa waya mmoja unauzunguka waya wenyewe na hufifia ukienda mbali. Ukikunja waya mizunguko mingi, uga wa kila mzunguko unajumlika na wa mwenzake. Hiyo ndiyo koili.

Bibi alikaa akiitazama dira. Kisha akasema Nahodha hakuruhusu kabisa redio iwekwe karibu nayo, na mabaharia walidhani ni ukali wake tu. "Kumbe spika ya redio ina sumaku," akasema, na akataka jaribio lirudiwe. Likarudiwa. Akaita na jirani aje aone.

Kesho yake akaja shemeji yangu, Mjomba Waya, anayetembea na vipande vya nyaya mifukoni hata harusini. Watoto wakamwamkia, Bibi akamlalamikia, mimi nikamuuliza kwa sauti ya chini kama chogo halijafa kabisa, maana nilikuwa nimeweka akiba ya televisheni bapa. Akanitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba lile bati la chuma ndani ya kioo limeshika usumaku, ndiyo maana doa limebaki. Akakumbusha kwamba televisheni hii ndugu yake Bibi aliituma kutoka Uingereza, na ilipofika Unguja pembe zilikuwa na rangi ya waridi kidogo. Bibi siku zote amesema ni chumvi ya bahari. La, akasema Mjomba: ni dunia. Kule kaskazini uga wa dunia unainamia chini. Huku kwetu unaelekea juu kidogo. Ni dhaifu, unazidi kidogo mikrotesla 30, lakini elektroni zinausikia, na watengenezaji walikuwa wakizirekebisha televisheni kulingana na sehemu ya dunia zinakokwenda.

Akatoa mkobani koili kubwa ya duara iliyofungwa utepe mweusi, akaichomeka kwenye umeme. Umeme wa ukutani hugeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na uga wa koili hugeuka nao. Alipoisogeza mbele ya kioo rangi zote zikaanza kuzunguka kwa fujo, watoto wakapiga mayowe, Bibi akafumba macho kwa tasbihi. Mjomba akawa anazungusha koili polepole huku anarudi nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa mbali, ndipo akazima. Bati lilisukumwa huku na huku kwa nguvu inayopungua kila mara, mpaka halikubaki na upande wa kushika. Picha ikawa safi. Mtangazaji akapata uso wake.

Kisha akafungua chogo, akiwa amewafukuza watoto wote, kwa sababu mle ndani umeme mkali hubaki hata televisheni ikiwa imezimwa. Akakuta kifaa kidogo kinacholisha koili ya ndani kimekufa. Maana televisheni hizi zina koili yake yenyewe, inayosafisha bati kila inapowashwa, na mngurumo wa koili hiyo ndio ile "duum". Bibi akasimama katikati ya sebule akauliza mbele ya ukoo mzima nani alisema ni uzee. Mama Salma akaenda jikoni kupika chai.

Basi televisheni bapa imekufa kifo cha kawaida cha mipango yangu, na akiba ile imeshapata matumizi. Mama Salma alimsikia kaka yake akisema mota ni msukumo uleule, akataka mota kwenye cherehani yake, na mota ikanunuliwa. Ninaipenda kwa moyo wote. Ndani yake hamna sumaku ya kudumu hata moja: koili zilizosimama zinatengeneza uga, na nyaya za katikati, zenye mkondo wake, zinasukumwa na uga huo mpaka zinazunguka. Salma ameichorea ukurasa mzima. Sumaku ya sabufa mwenyewe amenyang'anywa, nayo sasa inaokota pini sakafuni, mbali na kasha la dira kwa amri ya Bibi. Fundi Bomoa ameuliza kwa adabu kabisa kama anaweza kuona ndani ya mota, na tangu hapo bisibisi zote za nyumba hii zinakaa kwenye pindo la khanga ya mama yake.