Jasiri wa Mtaa wa Kongo

Mama muuza vitenge wa Kariakoo hatishiki. Anamtimua mgambo wa jiji kwa mdomo tu, na mteja anayetaka bei ya jumla kwa doti moja anaondoka na doti tatu, tena akishukuru. Lakini mwekee simu kwenye stendi yenye taa ya duara, umwambie, "Mama, tupo laivu." Ghafla anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari: "Habari za wakati huu, watazamaji wapendwa." Watazamaji wenyewe ni shangazi yake, kijana wake wa dukani aliyeishika hiyo stendi, na jirani wa fremu ya pili aliyekuja kuchungulia bei.

Walimu wa semina za kuuza mtandaoni humfundisha avute pumzi na atabasamu. Anavuta, anatabasamu, jasho linamtiririka vilevile. Mpaka mtu wa Mwanza aandike: "25,000? Mbona ghali?"

"Ghali? Wee! Shika kitambaa kwanza!" Kitenge kinasukumwa kwenye kamera, skrini nzima inakuwa maua. Shangazi anatuma kopa.