Ombi la Kumpandisha Cheo Tawi la Mkorosho

Kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Vyombo Vinavyovutwa na Vyombo Vingine,
Popote ofisi yako ilipo.

YAH: CHEO CHA TAWI LA MKOROSHO, PAMOJA NA MAOMBI MENGINE MADOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo, Mheshimiwa. Sisi wa Makote huku Newala hatujambo, tukiwatoa wale tuliokwisha kuwazika. Tuwie radhi kwa kutoitaja ofisi yako kwa jina. Tulijaribu. Tulipouliza nani anasimamia matela, wa magari alisema tela si gari. Wa matrekta alisema trekta ni zana ya kilimo na mahali pake ni shambani, kwa hiyo hilo tunaloliona barabarani huenda ni kitu kingine. Wa barabara alisema yeye anahusika na barabara, si na vinavyopita juu yake. Wote walikuwa waungwana, na mmoja alitukaribisha chai. Basi tumekutungia cheo ili barua ipate pa kwenda.

Tuanze na pongezi, maana barua isiyo na pongezi haifunguliwi. Ukaguzi wako ni wa hali ya juu. Noah ya abiria inayotoka Masasi ikisimamishwa, hukaguliwa mpaka mtu unaona fahari: mikanda, kizimamoto, pembetatu, leseni, bima, stika ya Nenda kwa Usalama, na tairi la akiba kama siku bado ndefu. Kikikosekana kimoja, ni elfu 30, na namba ya malipo inatoka papo hapo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasomwa juu ya Noah ile utadhani imepitishwa bungeni asubuhi hiyo. Na wakati dereva anaitafuta pembetatu chini ya mizigo ya abiria, trekta linapita pembeni taratibu, limevuta tela lililosheheni korosho. Tela halina taa, halina namba, halina breki, na juu ya magunia wamelala vijana wanne. Mkono wa askari unanyanyuka. Ni salamu.

Kwa muda mrefu tulidhani ni upendeleo. Sasa tumeelewa. Stika hubandikwa kwenye kioo cha mbele, na tela halina kioo. Halina dereva wa kuambiwa ashuke, halina leseni ya kutoa, halina mfuko. Anayelikagua tela anakagua kitu kisichoweza kumjibu wala kumlipa, na hakuna mtumishi wa umma anayestahili kupitishwa kwenye hayo.

Niruhusu nikueleze habari za pini, kwa kuwa sidhani kama umewahi kuinama kuiangalia. Nyuma ya trekta kuna bamba la chuma lenye tundu. Mbele ya tela kuna ulimi wenye tundu vilevile. Matundu yakikutana hupitishwa pini nene ya chuma kigumu, na chini yake huwekwa klipu ili isiruke. Hivyo ndivyo vilivyotoka kiwandani. Pini ya kwanza ilipopotea, nafasi yake ikachukuliwa na nondo, kipande kilichobaki kwenye ujenzi wa madarasa, kimekunjwa kichwa kwa nyundo. Klipu nayo ni ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, umepigwa mafundo mawili. Nondo ni nyembamba kuliko tundu, kwa hiyo inacheza, na kwa kucheza misimu yote hiyo imelila tundu upande mmoja mpaka limekuwa na umbo la yai. Kila penye shimo chuma kinagonga chuma: ngwa, ngwa, ngwa. Utingo kazi yake ni kusikiliza mlio huo. Ukikoma, tela limeshaondoka kwenda zake.

Na huku likiondoka haliendi pole. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde; anayetoka Masasi hana budi kupanda, na anayerudi hana budi kushuka. Wakati wa kupanda, uzito wote unaning'inia kwenye nondo. Wakati wa kushuka, tela lisilo na breki linalisukuma trekta kisogoni. Gunia la korosho ni kama kilo 80, kwa hiyo magunia 60 ni karibu tani 5, na tani zote hizo zimekabidhiwa masalia ya darasa la tatu B.

Wenzetu wa Ulaya huvuta karavani, yaani chumba cha kulala chenye magurudumu, wakaenda nacho likizo. Ndani yake kuna mito na birika la chai. Kwa ajili ya mito hiyo wameweka kiungo chenye tufe la chuma la milimita 50, na karavani yenye breki hufungwa waya mwembamba: kiungo kikichomoka, waya unaikaza breki na karavani inasimama yenyewe. Tena hushauriana kwamba karavani na mzigo wake isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Sisi hatuombi waya. Tunajua waya una taratibu zake, una kamati, una bajeti ya mwaka ujao. Tunashangaa tu kwamba birika la Mzungu lina breki na watoto wetu juu ya magunia hawana.

Usiku ubunifu unazidi. Minada ikifunguliwa Oktoba, korosho hutoka vyama vya msingi kwenda maghala makuu mchana na usiku, kwani foleni ya ghalani haijui kwamba jua limezama. Tela halina taa ya nyuma, lakini lina kijana. Anakaa mwisho wa mzigo, miguu inaning'inia, ameshika simu yenye tochi, na tochi ameivisha mfuko mwekundu wa plastiki. Mfuko wenyewe ulipigwa marufuku nchi nzima Juni 2019, kwa hiyo ukitaka kumkamata kosa unalo tayari, la mazingira. Chaji ikiisha, taa ya nyuma imezimika. Akisinzia, taa ya nyuma imeanguka barabarani.

Kijana wa jirani yangu alikuwa anarudi kupuliza salfa, mwezi wa Julai, saa mbili usiku, yuko kwenye pikipiki yake. Boza la maji lilikuwa limechomoka kwenye trekta, na wenyewe wameenda kutafuta nondo nyingine. Unajua maji yalivyo huku uwandani. Boza hata likiwa limeoza kwa kutu tunalishangilia likipita. Liliachwa katikati ya njia, ulimi wake umeinuliwa juu ya jiwe, umewaelekea wanaokuja. Taarifa iliyotolewa ilikuwa na maneno ambayo sote tumeyakariri: chanzo cha ajali ni mwendokasi wa mwendesha pikipiki. Boza halikutajwa. Lilikuwa limesimama, kwa hiyo halikuwa na mwendokasi, kwa hiyo halikuwa na kosa. Mama wa marehemu aliuliza boza ni la nani. Akajibiwa haijulikani, kwa sababu halina namba. Halina namba! Miaka yote linapita mbele ya kizuizi halina namba na mnalipungia mkono, halafu siku limeua, kukosa namba kunageuka kinga yake. Mtu mzima anayatamkaje maneno hayo mbele ya mama aliyekaa mkekani? Anarudi nyumbani, anakula, analala? Sisi tulichimba kaburi, Mheshimiwa. Udongo wa huku ni mchanga, unachimbika upesi, na hiyo ndiyo huduma pekee tuliyoipata haraka wiki ile.

Samahani. Turudi kwenye maombi.

Hatua chache kutoka kwenye boza lile palikuwa na tawi la mkorosho limelazwa njiani. Ndiye mtumishi pekee wa usalama barabarani aliyekuwepo eneo la tukio, na ndiye tunayemwombea.

Unamfahamu. Popote gari linapoharibikia, liwe semi-tela la makaa ya mawe linalotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara au Canter la mihogo, utingo hahangaiki na pembetatu. Pembetatu iko chini ya kiti, haijatolewa kwenye nailoni yake, inasubiri kukaguliwa. Yeye huenda kwenye mkorosho ulio karibu, akavunja tawi, akalilaza barabarani, na kila dereva nchi hii anaelewa. Tunaomba Tawi apewe ajira rasmi kwa cheo cha Konstebo, na kwa kuzingatia miaka aliyokwisha kulitumikia taifa bila barua ya ajira, apandishwe siku hiyohiyo kuwa Koplo. Sifa anazo. Hajawahi kuchelewa zamu. Hajawahi kumwegemea dereva dirishani akamuuliza, "Sasa tunafanyaje?" Analala njiani kwenye mvua ya Januari bila koti, na akikanyagwa habadiliki msimamo. Lori likishatengenezwa na kuondoka, yeye na yale mawe yaliyozuia magurudumu hubaki palepale, akiendelea kuwaonya watu juu ya hatari ambayo sasa ni yeye mwenyewe. Kung'ang'ania kazi namna hiyo baada ya muda kwisha wanakuweza wakubwa wachache tu.

Upatikanaji wake ufuate taratibu. Zabuni itangazwe kwenye mfumo wa NeST, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vitengewe fungu lao la kuvunja matawi. TBS waweke kiwango: urefu, idadi ya majani, na saa ambazo anapaswa kubaki kijani juani kabla hajafanana na vumbi. Mwenye mkorosho naye akumbukwe, maana tawi huvunjwa likiwa na maua, limeshapulizwa salfa, na kilo zilizokuwa zije Novemba zinalala barabarani. Kama fidia haipo, basi barua ya shukrani yenye nembo, tuitundike ukutani. Asipewe uhamisho wa mbali. Ila Manyoni nao siku hizi wanapanda mikorosho, kwa hiyo wakikuandikia kumwazima usiwakatalie.

Kasoro yake ni moja na tunaisema kwa nia njema: jani la mkorosho haliakisi mwanga. Usiku Koplo Tawi yupo kazini ila haonekani, jambo ambalo katika utumishi si geni. Tunapendekeza apewe kizibao cha kuakisi, kile cha njano. Najua hapo utauliza, kama kizibao kipo, kwa nini kisivalishwe tela lenyewe tangu mwanzo? Mheshimiwa, usituharakishe. Tunakwenda kwa hatua.

Mengine ni madogo. Nondo ipigwe marufuku kwenye matela, au iruhusiwe kwa maandishi ili tujue saini ni ya nani. Matela yaandikwe namba, hata kwa chaki. Chuma kikiwa kimeadimika, wachongaji wetu wanaochonga mashetani ya mpingo waruhusiwe kuchonga pini. Hazitadumu kuliko nondo lakini zitapendeza kwenye maonyesho ya Nane Nane. Kwenye makato ya korosho tumezoea kuona usafirishaji. Tunaomba humo itoke hela ya mkanda wa kuakisi, mita moja tu, tutaubandika wenyewe. Mwaka 2018, Rais Magufuli alipoagiza jeshi lisombe korosho, tuliona malori yakipita na taa za nyuma, zote mbili zinawaka. Watoto walitoka nje kutazama. Hatuombi jeshi lirudi. Taa tu.

La lami nalo nisilisahau. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, tumeipigia makofi kwenye kampeni nyingi. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata kilikwisha, nasi tunaingoja zamu yetu kwa furaha. Ila hebu kaa ulifikirie hili. Trekta lenye nondo linakwenda polepole kwa sababu mchanga unalishika na mashimo yanalirudisha. Vumbi ndiyo breki pekee liliyo nayo. Siku mkandarasi atakapokabidhi kazi, utepe ukakatwa na ngoma ikachezwa, mashimo yatakuwa yameondoka na nondo itakuwa ileile. Mlima utakuwa uleule. Vijana juu ya magunia watakuwa wadogo zao hawa wa leo. Hotuba ya siku hiyo najua imeshaandikwa, na najua neno pini halimo.

Ukipata nafasi, karibu ujionee. Usije na msafara, kwani msafara husafishiwa njia, na matela hufichwa nyuma ya ghala tangu jana yake. Shukia Masasi mwezi wa Novemba, ule, ungoje giza liingie vizuri, kisha upande bodaboda kuja Newala. Nauli tutachanga. Kofia ngumu ipo moja. Itabidi muelewane na dereva.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa korosho,
Makote, Newala.