Jinsi ya Kupindua Chombo Bila Dhoruba

Sogea, ndugu yangu, nikunong'oneze. Huhitaji tufani ili kupindua chombo. Hapa Liboi hatuna bahari, tuna ngamia na malori ya kutoka Garissa, lakini kanuni ni ileile.

1. Pakia juu. Lori likishajaa, ongeza magodoro juu ya turubali, juu ya magodoro weka mbuzi, na juu kabisa vijana. Likipita sokoni kila mtu atageuka kulitazama. Likifika penye mchanga gurudumu moja litadidimia, na uzani ule wa juu utalilaza ubavu.

2. Penda kutazamwa. Ufaransa walilipenda hilo. Manowari yao Hoche, iliyoshushwa majini mwaka 1886, ilirundikiwa vyumba na majukwaa juu ya sitaha hadi ikabandikwa jina la Hoteli Kubwa. Bahari haitazami kimo. Inauliza uzani umekaa wapi.

3. Bana mbavu. Wabunifu wao walijenga manowari pana chini na nyembamba juu, mbavu zikiinamia ndani. Walipunguza uzito na kuipa mizinga nafasi ya kugeuka. Lakini meli ikilala, kinachoirudisha ni upana wa ubavu unaoingia majini, na ubavu uliobanwa una upana mdogo wa kutoa. Tarehe 18 Machi 1915, katika mlangobahari wa Dardanelles, manowari ya namna hiyo, Bouvet, iligonga bomu la majini. Ilipinduka na kuzama kwa muda wa kama dakika mbili, na zaidi ya watu 600 wakafa.

4. Usihesabu watu. Hapa nazungumza kwa uchungu, maana hawa ni wetu. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikielekea Ukara, na waliokufa peke yao walizidi 220. Ziwa Victoria halikuwa limechafuka. Gati lilishaonekana, watu wakasogea upande wa kushukia, kila mmoja na mzigo wake, na kivuko kikafuata miguu yao. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa akiwa hai, alikuwa amejibanza penye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Miaka 22 kabla ya hapo, ziwa hilohilo lilikuwa limeimeza meli ya MV Bukoba.

5. Usimtazame kabisa mama wa Kisomali anapohama, atakuharibia kazi yote. Mitungi ya maji anaifunga chini, mmoja kila ubavu wa ngamia. Fito na mikeka, vitu vyepesi, ndivyo vinavyokaa juu. Akimaliza anausukuma mzigo kwa kiganja, kisha anasubiri aone kama utarudi mahali pake. Usiporudi, ngamia anabaki amepiga magoti, na kamba zinafunguliwa upya.