Nani Kamwacha Nani Naxos

Mama mkwe wangu ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na sasa kuanzia Tanga hadi Maskati inajulikana kwamba nilimtelekeza bintiye ugenini. Ujumbe ni mrefu. Upepo unavuma ndani yake, mtoto analia, halafu inakuja sauti ya mama mwenyewe, taratibu, ya mtu anayetoa ushahidi: "Kashuka na masanduku, wanangu. Masanduku kayakumbuka." Shemeji mmoja ameuliza kama masanduku yalifika salama. Waliobaki wamesikiliza, na hakuna aliyeandika neno.

Naomba nami nisikilizwe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye gati la kisiwa cha Naxos, Ugiriki, sijasogea hata hatua. Walioondoka ni wao, kwa meli, mbele ya macho yangu.

Sasa, jambo hili halieleweki bila kuielewa meli yenyewe, na mimi meli zile zimeniteka kiasi kwamba hata siku ile, katikati ya fedheha, kuna pembe ya akili yangu iliyokuwa ikishangilia. Tulikuwa tunatoka Santorini kwenda Naxos, mwendo wa saa mbili hivi, na meli hiyohiyo ilikuwa ikiendelea Paros na hatimaye Piraeus, bandari ya Athens. Bandari za visiwani ni finyu, kwa hiyo meli hailazi ubavu kwenye gati. Inaingia, inageuka mzimamzima, kisha inarudi kinyumenyume, tezi ikitangulia, huku omo ikiangusha nanga na mnyororo ukizidi kuachiliwa kadiri meli inavyorudi. Nanga inaivutia mbele, kamba za tezi zinaivutia nyuma, na katikati ya mivutano hiyo jengo zima la chuma lenye mgahawa na malori linatulia hatua chache kutoka ukingo wa saruji. Mlango mkubwa wa nyuma unaanza kuteremka kabla meli haijasimama. Injini hazizimwi. Rafadha zinaendelea kukoroga maji yakawa meupe, maana hapa hakuna aliyekuja kukaa.

Abiria nao hawangoji juu. Likitangazwa jina la kisiwa chako, unashuka hadi sitaha ya magari, unachukua mzigo wako kwenye rafu iliyoandikwa jina la kisiwa hicho, na unasimama gizani kati ya malori, ukivuta moshi wa dizeli, ukingoja mwanga. Mlango ukilala, wanaotoka wanatoka na wanaoingia wanaingia, wote kwa pamoja, na pikipiki katikati yao. Kivuko cha Kigamboni ukikilinganisha na pale ni maktaba.

Na siku ile tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya meltemi. Huu ni upepo wa kaskazini unaotawala Bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, hasa Julai na Agosti, na ubaya wake ni kwamba haujitangazi. Mbingu ni safi, hakuna wingu, watu wanaota jua, na bahari imechafuka. Aristotle aliandika habari zake zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Unasukumwa na hewa nzito iliyotanda juu ya Balkani na kuvutwa na hewa nyepesi iliyopata moto juu ya Uturuki, nayo hiyo hewa nyepesi ni mkia tu wa eneo kubwa la joto linalofika hadi Pakistani na kaskazini mwa India. Ni eneo hilohilo linalovuta kusi yetu miezi hiyohiyo! Joto moja la Asia linamvutia upepo mvuvi wa Pemba kutoka kusini na kumvutia nahodha wa Naxos kutoka kaskazini. Nilimweleza mama mkwe habari hii tukiwa njiani, nikidhani atafarijika kujua kwamba anayemtapisha ni ndugu yake kusi. Akaomba mfuko mwingine.

Upepo huo wanaupima kwa kipimo cha Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekitunga mwaka 1805, kuanzia 0 hadi 12. Kwa kawaida ukifika 8 meli za abiria za Ugiriki huzuiwa kutoka, na boti za kasi husimamishwa mapema zaidi. Siku yetu ulikuwa 7, yaani kiwango kinachoruhusu safari lakini hakiruhusu chakula kikae tumboni. Na meli iliyochelewa baharini haina pa kufidia muda wake ila gatini.

Basi likatangazwa jina la Naxos. Papo hapo kitinda mimba wetu akatangaza haja, tena ile kubwa. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa anasoma nyiradi. Mke wangu akasema, nami nasisitiza kwamba maneno haya yalitamkwa: "Baba watoto, tangulia na mizigo, tunakuja." Nikatangulia. Chini kule mtu hana hiari. Nyuma yangu Wajerumani wenye mabegi ya mgongoni, kulia lori la tikiti maji limeshawashwa, mbele baharia mwenye fulana ya rangi ya chungwa anapuliza filimbi. Ukisema unamngoja mkeo hakuna wa kumwambia. Nilisukumwa nje pamoja na masanduku yote, nikajikuta juani, na nilipogeuka mlango ulikuwa unapanda, maji yanachuruzika kwenye kingo zake.

Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Nchi kavu."

"Nchi kavu ipi?"

"Naxos."

Kimya. Nikasikia akimwambia mama yake, "Kashashuka." Na mama mkwe, bila kuinua sauti: "Kwa hiyo sisi tunakwenda wapi?"

Kwa watu wa kuachwa, kisiwa chenyewe ndicho hicho. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Theseus, baada ya Ariadne kumsaidia kumuua zimwi Minotaur kule Krete, alimleta Naxos, akamwacha usingizini na kung'oa nanga. Ariadne alipozinduka alijitokeza mungu wa mvinyo akamposa. Kwangu alijitokeza mtu wa vyumba vya kupangisha, akatazama masanduku, akaniuliza kama chumba ni cha watu wangapi. Karibu na bandari pamesimama Portara, fremu ya mlango wa marumaru wa hekalu la Apollo, lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika. Ule mlango uko wazi miaka zaidi ya 2,500 na haupitishi mtu kwenda popote. Nilikaa juu ya sanduku nikautazama saa nzima.

Saa hiyo ilipoisha, wenzangu walikuwa wanashuka Paros mikono mitupu, kwa sababu mfuko wa pasipoti ulikuwa begani mwangu. Watalii waliwapita wakiwa na karatasi za tiketi tu, hakuna aliyeulizwa kitu. Wanawake wawili weusi na watoto waliulizwa. Mtu mwenye sare aliwakalisha kwenye benchi pembeni, akataka hati. Nilipiga picha pasipoti zote juu ya kifuniko cha sanduku, upepo ukifunua kurasa, nikazituma moja moja. Mama mkwe aliulizwa, na baada ya kujibu akaulizwa tena, alikuja kwa boti gani. Wapo watu wanaovuka bahari hii kutoka Uturuki kwa boti za mpira, na wengi wamezama humo, na mama alilielewa vizuri swali hilo. Akanyoosha kidole: "Ile kubwa nyeupe, inayoondoka." Picha zilipofika waliachiwa bila kuombwa radhi. Katika ule ujumbe wote wa sauti, hilo benchi hakulitaja. Mimi kanitaja jina.

Boti za kasi zilikuwa zimesimamishwa, kwa hiyo walirudi na meli ya usiku. Sanduku moja lilishavunjika gurudumu. Kitinda mimba alitapika kwenye teksi. Namba ya kufungulia nyumba ilikuwa kwenye simu ya mke wangu, na simu ilikuwa imezima chaji.

Niliwaandikia wenye meli kudai nauli ya kurudia. Wamejibu kwa adabu kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha tiketi zetu ziliishia Naxos, na kwamba familia yangu ilisafiri Naxos hadi Paros bila kulipa. Wameambatisha ankara. Mke wangu anadaiwa nauli kamili, mama mkwe nauli kamili, binti mkubwa nusu. Kitinda mimba, aliyekuwa chooni muda wote huo, hadaiwi kitu: hajatimiza miaka mitano, anasafiri bure.